Lita Mbili na Nusu Zilizozidi

Mimi ukinipunja nitagomba, yataisha, tutasalimiana kesho. Ukiniongezea, hapo ndipo sina amani. Muuza nyanya akinitupia mbili za nyongeza nazigeuza juu chini nitafute iliyooza. Wanangu wananicheka, wanasema mama haamini hata salamu. Wacheke tu. Hawakuwapo nilipokaribia kurudishwa kwa baba yangu kule Mwankoko kwa sababu ya mafuta ya alizeti. Na si kwamba mafuta yalipungua. Yalizidi.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi peke yake yakaanza kujaa sabuni za rangi, vitenge, redio, biskuti. Watu walifurahi, lakini walifurahi kwa jicho moja, jingine linachungulia. Sukari ikiwa nyeupe sana, imechanganywa. Sabuni ikinukia sana, itakuchubua. Mitumba tuliiita kafa ulaya, na kuna wazee hapo Issuna nilipoolewa walioapa hawavai shati la maiti wa mzungu, mpaka baridi ya Juni ilipowanyoosha.

Mume wangu ndiyo biashara aliyoishika, hiyo ya mitumba. Alikuwa anafungasha robota lake kwenye baiskeli na kuzunguka minadani. Tulikuwa na miezi michache ya ndoa, na tuliishi uani kwa wazazi wake kama kawaida ya mtoto wa kiume aliyeoa karibuni. Baba mkwe alikuwa karani wa ghala la kijiji kwa miaka mingi, mpaka wafanyabiashara waliporuhusiwa kununua mazao na ghala likafungwa. Kazi ilimwachia vitu viwili: kopo la bati la kupimia lita moja, alilolitundika ukutani, na heshima ya kuwa mtu wa hesabu. Mtu akiwa na shida ya kugawa au kuzidisha, jibu liko kwake. Hakuandika. Alifumba macho kidogo, akasema, na alichosema kikawa ndicho.

Alikuwa na kanuni yake, na nyumba nzima iliijua kama sala ya chakula. Nzima kwa nzima, nusu kwa nusu. Ukiwa na mbili na nusu mara nne na nusu, unazidisha nzima zako, mbili kwa nne, nane. Kisha unazidisha nusu zako, nusu kwa nusu, robo. Jumla nane na robo. Kwa nini uteseke na karatasi? Hata mama mkwe ambaye hakusoma aliipiga hiyo haraka kuliko mimi niliyemaliza darasa la saba.

Ilikuwa nyumba ya kuhesabu, na niliambiwa mapema. Wiki yangu ya kwanza kisimani wanawake walinipa habari za baba mdogo, yaani mdogo wake baba mkwe, aliyekaa peke yake ua wa jirani. Alikuwa na mke zamani. Kila msimu alipewa mbegu za alizeti kutoka ghalani kulingana na ukubwa wa shamba lake, akipimiwa na kaka yake mwenyewe, karani. Mke ndiye aliyepanda. Na kila msimu mbegu ziliisha shamba halijaisha, pembe nzima inabaki tupu inaota magugu. Basi ziko wapi? Kwao yule mwanamke hapakuwa mbali, na huko alizeti ilistawi. Watu wakajumlisha. Wazee wakakaa, mwanamke akarudishwa kwao. Nawe bibi harusi, wakaniambia wakijitwisha ndoo, huo mkono uuangalie. Nikaitikia ndiyo, na moyoni nikasema wambea hawa.

Mwaka huo ndipo mashine ya kukamua alizeti ilipokuja Ikungi. Aliileta tajiri mmoja wa Singida mjini. Utaratibu wake ulikuwa huu: hulipi kitu, unaondoka na mafuta yako, yeye anabaki na mashudu, yaani yale makapi, akawauzie wafugaji. Kijiji kizima kiliutilia shaka. Mtu atakukamulia bure kwa mapenzi gani? Hata hivyo alizeti ilikuwa imelala ndani, na mafuta ya dukani yalikuwa yanatuumiza. Mume wangu aliulizia mnadani akaambiwa debe moja la alizeti safi, kavu, linatoa lita mbili na nusu. Sisi tulikuwa na madebe matatu na nusu. Asubuhi tunafunga gunia kwenye baiskeli, baba mkwe akafumba macho.

Tatu kwa mbili, sita. Nusu kwa nusu, robo. Alimwambia mwanawe, maana mimi hakuzungumza nami ana kwa ana. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, neno linapitia kwa mtu wa tatu. Alisema mkeo atarudi na lita sita na robo, na zikipungua tutajua mashine ni ya wezi. Mimi nikachukua dumu la lita tano na dumu la lita tatu. Yalitosha na kubaki.

Mume wangu alinisukumia gunia mpaka Ikungi, akaniacha kwenye foleni, akaenda mnadani na mitumba yake. Nilishinda pale. Aliyekuwa anaendesha mashine alikuwa kijana wa mjini, jinzi, mkufu shingoni, kila mwanamke kwake ni shemeji. Sikumpenda tangu mwanzo. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya ule mdomo wa mashine nikakodoa macho, hata haja ndogo niliibana. Kijana akacheka akasema shemeji unanilinda kama polisi, foleni yote ikacheka, na katika foleni hiyo alikuwamo jirani yetu mmoja ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya kumpa masikio.

Dumu la tano likajaa. Dumu la tatu nalo likajaa, na mafuta bado yanakuja. Nikapigwa na butwaa. Kijana akaokota chupa tupu, ile kubwa ya pombe kali, akaisuuza, akakinga yaliyobaki, akaiziba mdomo kwa gunzi. Nikamuuliza mbona yamezidi. Akasema alizeti yako nzuri, shemeji. Nikanusa. Nikachovya kidole nikaonja. Nilihisi amenichanganyia mafuta ya pamba, au amenipa ya mwenye zamu iliyopita, na muda si mrefu mtu atanijia na rungu. Lakini yalikuwa na ladha ya alizeti yetu, ile ya kokwa iliyokaangwa. Basi nikamsubiri mume wangu.

Alipokuja aliangalia vyombo, akaangalia chupa. Akauliza chupa ya nani. Nikamwambia. Akasema sawa.

Nyumbani baba mkwe aliteremsha kopo lake la lita ukutani, akaanza kupima uani mbele ya wote. Moja, mbili, tatu. Ilipofika sita mama mkwe alikuwa anatabasamu. Ilipofika saba alipiga kigelegele kidogo akakikata katikati, maana mumewe hakuwa anatabasamu. Ilifika nane. Ya tisa haikujaa, iliishia robo tatu. Baba mkwe akakaa anaangalia kopo. Kisha akamgeukia mwanawe, si mimi.

"Mwizi anapunguza," akasema. "Anayeongeza ana kitu anachonunua."

Jamani. Nilisimama pale na mikono yenye mafuta, sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Lita mbili na nusu. Kijana wa mashine amempa mke wa mtu lita mbili na nusu za mafuta bure, na chupa yake juu, kwa sababu gani? Mume wangu aliichukua ile chupa akaenda kuiweka juu ya kabati chumbani kwetu, mahali ambapo nikiamka naiona na nikilala naiona. Kuanzia siku hiyo alikula kwa mama yake. Siku ya pili yule jirani akapita kuazima chungio, akasimulia jinsi tulivyotaniana na yule kijana, eti hata kuniita polisi kaniita. Alitia chumvi mpaka sahani ikamwagika.

Mafuta yenyewe hayakuguswa. Yaliwekwa pembeni ya jiko kama ushahidi, na sisi tukala mlenda mkavu wiki nzima huku lita nane na robo tatu zinatutazama. Nilikasirika kwa hilo kuliko yote. Mtu akikushuku uzinzi na akuachie mafuta upikie basi!

Ujumbe ukatumwa Mwankoko kwa baba yangu, aje kikaoni. Maana yake niliijua. Kikao kikisema nirudi, mahari inarudi, na ng'ombe wangu walikuwa wameshatoka zizini kwetu wakaenda kumwolea kaka yangu. Ningerudishwa mimi, na kaka yangu naye angeanza kudaiwa kwa wakwe zake. Nyumba mbili zingevunjika kwa mafuta ya kupikia. Na mimi ningebaki na jina. Mwanamke aliyerudishwa kwa uzinzi, pale kwetu, hata akienda kuteka maji wenzake wanamsogezea ndoo kwa mguu.

Niliihesabu hesabu ile mpaka kichwa kikauma. Tatu kwa mbili, sita. Nusu kwa nusu, robo. Kila nikirudia ni sita na robo. Mtu akishukiwa sana huanza kujishuku mwenyewe, haki ya Mungu. Nilianza kusema labda kweli yule kijana alinitaka na mimi sikujua. Labda aliniongezea makusudi, ili nikifukuzwa apate njia. Nilimlaani kwa majina yote ninayoyajua, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, naye huko Ikungi wala hana habari, anawaita watu shemeji.

Siku ya kikao ikafika, na nani wa kupika? Mimi. Niwapikie wanaokuja kunihukumu. Mama mkwe alisema tupike sinia mbili za ugali wa wanaume, na nusu sinia yetu wanawake wa jikoni. Sinia moja inakula vikombe vinne na nusu vya unga wa uwele. Siku zote huwa anachota kwa jicho tu, anajaza ungo, unabaki, unarudi pipani. Siku hiyo alipima. Alipima kwa sababu yangu, asije mwizi wa tabia akawa mwizi wa unga. Alipiga hesabu ya nyumba, mbili kwa nne nane, nusu kwa nusu robo, akapima vikombe nane na robo, akafunga stoo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaketi juu ya kinu mlangoni mwa jiko, ananitazama. Hakuinuka hata kufukuza kuku.

Nikasonga sinia ya kwanza, vikombe vinne na nusu. Nikaanza ya pili. Nikachota kimoja, viwili, vitatu, na chungu kinadai na ungo karibu mtupu, umebaki unga wa robo tatu tu unaokwaruzwa. Sinia ya pili haijakamilika. Nusu sinia yetu ndiyo hata harufu yake haipo.

Akauliza unga nimeupeleka wapi.

Hapo nilipasuka. Nilimwambia mama, shikamoo yako nakupa kila asubuhi na leo nimekupa, lakini hapo ulipokaa umenitazama tangu moto unawashwa. Mlango ni mmoja na wewe ndiye umeuziba. Uniambie wewe nimeupeleka wapi. Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Nilitegemea mwiko wa kichwa.

Hakunipiga. Alitazama sinia, akatazama ungo. Kwa sababu ni kweli, alinitazama. Angekuwa ameondoka hata mara moja kwenda msalani, ningekuwa mwizi mpaka leo. Akafungua pindo la kanga, akaenda stoo, akaja na unga mwingine na kikombe kilekile, na akapima upya mwenyewe, chini, kwenye mkeka. Rundo la sinia ya kwanza, vinne na nusu. Rundo la sinia ya pili, vinne na nusu. Rundo la nusu sinia, nusu ya hivyo, viwili na robo. Akanitaka nimhesabie vyote. Nikahesabu. Kumi na moja na robo.

Akasema rudia. Nikarudia. Kumi na moja na robo. Tukatazamana pale chini, unga umetutapakaa magotini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza juu ya ugonjwa, kwamba na yale mafuta je. Tukayafanya hivyohivyo kwa kopo na maji ya ndoo. Debe la kwanza, lita mbili na nusu. La pili, tano. La tatu, saba na nusu. Nusu debe, lita moja na robo. Alikuwa anataja madebe, mimi namimina. Tulipofika mwisho hakuna aliyesema jumla. Maji yalikuwa yanasema.

Ndipo sauti ya mwalimu wangu wa darasa la tano ilipoingia kichwani, na fimbo yake juu. Sehemu mchanganyiko hazizidishwi zikiwa zimevaa koti; geuza kwanza, ndipo uzidishe. Tatu na nusu ni nusu saba. Mbili na nusu ni nusu tano. Saba kwa tano, thelathini na tano, na hizo ni robo. Gawa kwa nne, nane na robo tatu. Nilikuwa nimeijua, nikafanyia mtihani, nikaiacha humohumo kwenye mtihani. Wala mwalimu hakutuambia kwamba ile nusu debe nayo inatoa nusu ya lita zote mbili na nusu, si nusu ya ile nusu lita tu. Na kila debe zima linayo nusu lita yake ya kudai. Angetuambia habari ya debe ningekumbuka. Alituambia koti.

Wanaume walikuwa wameshakaa sebuleni: baba mkwe, baba mdogo, mume wangu, na baba yangu, ambaye alikuwa ameinamisha kofia kwenye goti kana kwamba amekuja msibani. Walitegemea ugali. Mama mkwe aliingia na ndoo ya maji, kopo la lita na sufuria tupu, mimi nyuma yake nimeishia mlangoni. Mumewe akamuuliza hii ni nini. Hakumjibu. Alimwambia mwanawe amtajie madebe, moja moja, na kila debe akamimina lita zake kwenye sufuria wakiona. Katikati baba mkwe alianza nzima kwa nzima, nusu kwa nusu, mkewe akamwambia ngoja, sijafika kwenye nusu. Alipofika kwenye nusu akamimina lita moja na robo. Kisha akayapima yote upya kutoka kwenye sufuria kurudi kwenye ndoo, kopo kwa kopo, na akaliacha la mwisho chini, mbele ya miguu ya mumewe, limejaa robo tatu.

Baba yangu akakohoa. Akavaa kofia. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kulia sikulia, hasira ilizidi machozi. Nilitaka mtu aniambie tumekukosea. Baba mkwe alifumba macho yake kama kawaida, midomo ikacheza, akafumbua, akafumba tena. Mwisho akasema hesabu ni kitu kigumu, kosa ni kosa, na kwa kuwa hakuna lililoharibika watu wale.

Tungekula. Ila baba mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya hamjambo, aliweka mkono juu ya lile kopo.

"Kaka," akasema, "shamba langu ni ekari ngapi?"

Baba mkwe akasema shamba lako unalijua.

"Tatu na nusu. Na mbegu tuliambiwa ni kilo ngapi kwa ekari?"

Hapakuwa na mkulima asiyejua. Kilo mbili na nusu. Mama mkwe aliketi chini palepale alipokuwa, kwenye majimaji.

"Ulinipimia sita na robo," baba mdogo akasema. "Miaka yote. Na mimi nikampiga mke wangu nikamuuliza zilizobaki kazipeleka wapi."

Hakuna aliyekula ugali ule. Baba mdogo aliondoka bila kuaga, na baba yangu aliondoka akisema tu kwamba mwanangu anabaki kwa sababu hana kosa, si kwa sababu amesamehewa, na mjue tofauti. Maneno hayo nimeyaweka. Usiku huohuo mume wangu alirudi kula kwangu. Nilimkaangia mboga kwa mafuta ya kwenye chupa, nikaimaliza chupa mbele yake, nikaenda kuitupa shimoni. Tumeishi vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini sikumwambia tena nimetoka wapi bila kumtajia na niliopita nao njiani.

Mimi, kwa tabia yangu hii, sikuweza kuacha jambo pale. Kosa ni kosa, sawa. Mtu anaweza kukosea kuzidisha maisha yake yote na asijue, nimewaona, nilikuwa mmoja wao. Lakini mbegu si hesabu. Mbegu ni mbegu. Zililetwa ghalani zikiwa za kutosha ekari za kijiji; kama kila mwenye nusu ekari alipunjwa, basi kila msimu magunia fulani yalibaki. Yalikaa wapi? Shamba la baba mkwe lilikuwa linapandwa mpaka kwenye mpaka, halina pembe tupu. Mvua za kwanza zikikosea, kijiji kizima kinalia, yeye anapanda mara ya pili. Nilimuuliza mama mkwe, mara moja tu, tukiwa wawili. Akaniambia mboga inaungua. Mboga haikuwa inaungua. Mzee amekufa, mama naye amekufa, na mimi mpaka leo sijui kama alikuwa mjinga au mjanja. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wakati mwingine nguo yenyewe imezikwa.

Baba mdogo alienda kwa aliyekuwa mkewe na mbuzi wa kuomba radhi. Alirudi na mbuzi wake. Alikuta ameolewa huko, ana watoto, na hakutokezea hata mlangoni.

Mimi nilikutana na mwanamke huyo baadaye sana, sokoni Ikungi, anauza vitunguu. Mtu alinionyesha. Nilimwamkia, shikamoo mama, nikajieleza mimi ni nani katika ule ukoo, na uso wake ukafunga. Ila nilikuwa nimeshaanza, nikamsimulia yote, madebe, ugali, kopo. Nilidhani namletea zawadi. Alisikiliza huku anapanga vitunguu vyake mafungu mafungu, hakosi hata kimoja. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: aliyemimina maji ni nani. Nikamwambia ni mama mkwe.

"Alikuwepo kwenye kikao changu," akasema. "Ndiye aliyenifungia nguo zangu."

Akasema yeye siku zote alijua hakuiba, hivyo nilichomletea si habari. Alikuwa anapanda kwa kipimo, akifika kwenye ile pembe mkono unarudi mtupu, na alikuwa akisimama pale anajitikisa kanga kutafuta mbegu ambazo hazikuwahi kuwepo. Alisema hicho ndicho kinachomuuma, kwamba na yeye alikuwa anazitafuta.

Nikanunua fungu moja ili niwe na la kufanya kwa mikono. Alinifungia, kisha akaongeza vitunguu viwili juu. Mkono wangu ulitaka kuvigeuza. Niliviweka kapuni kama alivyonipa, nikamwambia asante mama, nikaenda.